Milimita 20 za ziada: injini ya 13B ndani ya RX-7 ya 1982

Laza mezani hausingi mbili za rota, yaani maganda ambamo rota ya pembe tatu inazunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka, moja ya injini ya Mazda ya 12A na nyingine ya 13B, utadhani zimetoka kwenye kalibu moja. Ukuta wa ndani umepinda vilevile, matundu mawili ya plagi yako upande uleule, njia ya moshi iko palepale. Sasa zisimamishe, uweke rula. Ya 12A ina unene wa milimita 70, ya 13B ina 80. Kila injini ina hausingi mbili, kwa hiyo injini nzima imerefuka kwa milimita 20. Haikupanuka wala haikuongezeka kimo.

Nimeishi na hizo milimita 20 muda mrefu sasa, kwenye gereji ya nyumbani kwangu Houston, nikitoa 12A kwenye gari langu la Mazda RX-7 na kuweka 13B, na bado nikizifikiria napata raha ileile ya siku nilipozielewa.

Hesabu yake ni fupi. Ujazo wa chumba kimoja cha rota unapatikana kwa kuzidisha vitu vinne: namba 5.196 isiyobadilika, umbali ambao rota imesogezwa kando ya kitovu cha shafti, urefu kutoka katikati ya rota hadi nchani, na unene wa rota yenyewe. Mazda walichagua milimita 15 kwa ule umbali wa kwanza na 105 kwa wa pili, wakati wanaunda injini ya 10A ya Cosmo Sport iliyoingia sokoni mwaka 1967. Rota za 10A zilikuwa na unene wa milimita 60, na injini ikawa na ujazo wa sentimita za ujazo 982. Wakaongeza unene hadi 70, wakapata 12A yenye 1,146. Wakaongeza tena hadi 80, ikazaliwa 13B yenye 1,308. Kila ukinenepesha rota kwa milimita 10, kila rota inakupa takriban sentimita za ujazo 82, na hakuna kingine kilichobadilika kwenye umbo lake.

Kuna injini moja iliyotoka nje ya mstari huo zamani, 13A ya Luce R130 ya mwaka 1969, iliyokuwa na vipimo vyake. Ukiiacha hiyo, familia nzima ya injini za rota zilizoingia kwenye magari ya Mazda ilishika 15 na 105 kwa zaidi ya miongo minne. 20B yenye rota tatu, ya Eunos Cosmo, ni rota zilezile za milimita 80 zilizopangwa tatu. R26B iliyokuwa ndani ya gari la 787B, lile lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991 likiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot, nayo ni vipimo hivyohivyo mara nne. Hata RX-8. Ni mwaka 2023 tu, kwenye MX-30 ambayo rota yake moja inazalisha umeme na haisukumi magurudumu, ndipo walipoingiza barabarani rota kubwa kuliko hiyo.

Naeleza haya kwa sababu watu wengi wakisikia kuweka injini kubwa kwenye gari la zamani wanafikiria kukata chuma na kuchomelea, mpaka gari linageuka kitu kingine. Hapa sivyo. 13B ikiingia kwenye RX-7 ya kwanza inaingia kwa ndugu zake. Giaboksi inaikubali. Distributa ya 12A inaingia kwenye tundu ambamo 13B ya baadaye imeweka kihisi cha mzunguko. Ugumu upo, nitaufikia, lakini karibu wote unatokana na zile milimita 20 na uzito wa rota.

Gari langu ni RX-7 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1982. Kizazi hicho kilianza kuuzwa 1978 na kikafika mwisho 1985, baada ya magari zaidi ya 470,000. Lina uzito wa tani moja na kidogo. Injini imekaa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, kwa hiyo mzigo umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Hilo ndilo jambo la kulinda kwenye gari hili kuliko kitu chochote. Magari ya soko la Marekani yalitoka na 12A yenye kabureta na nguvu za farasi 100 hivi. Injini tamu, inapanda mizunguko hadi 7,000 kwa dakika bila kutikisika, lakini chini ya 3,000 haina kitu. Barabara za Houston, za kusimama kwenye taa na kuingia barabara kuu ambako malori hayakupi nafasi, zinahitaji nguvu ya chini.

Kabla ya kununua spana hata moja, nilisoma kwanza kile ambacho Mazda wenyewe walikifanya. Mwaka 1984 waliiweka 13B kwenye gari hilihili kwa ajili ya soko la Amerika Kaskazini, wakaliita GSL-SE. Nguvu zilipanda hadi farasi 135, na mvuto wake mkubwa ulianza kwenye mizunguko 2,750 badala ya 4,000. Mimi kinachonivutia zaidi ni orodha ya vingine walivyobadilisha. Walitia diski za breki za mbele zenye matundu ya kupitisha hewa. Boliti za magurudumu wakazitoa kwenye duara la milimita 110 wakazipeleka kwenye 114.3. Ekseli ya nyuma ikapata uwiano wa 4.076 badala ya 3.909. Tena, wakati magari ya 12A ya miaka hiyo yalikuwa yamepewa kipoza oili kidogo kinachotegemea maji ya radieta, GSL-SE ilirudishiwa kipoza kikubwa cha hewa pale mbele. Wahandisi waliolichora gari hili walikuwa na kila sababu ya kubana gharama, na bado waliona 13B haiwezi kuingia peke yake. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na orodha hiyo.

13B za GSL-SE ni adimu siku hizi. Zinazopatikana ni za RX-7 ya kizazi cha pili: za 1986 hadi 1988 zisizo na turbo, zenye farasi 146, na za 1989 hadi 1991 zenye farasi 160 na rota nyepesi zaidi. Nilichukua ya kundi la kwanza, kutoka kwenye gari lililogongwa nyuma.

Injini ya rota iliyotumika usiinunue kwa kuisikiliza tu. Lazima upime mgandamizo, na upime kwa namna yake. Rota ina nyuso tatu, na zote zinapita mbele ya plagi zilezile. Kipimo cha kawaida kina valvu ndogo inayoshikilia namba kubwa kuliko zote, kwa hiyo uso mmoja mzima unaweza kuficha wawili waliokufa. Unatoa ile valvu, unapiga starta, unatazama mshale unavyoruka: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Miruko mitatu iliyo sawa maana yake sili zinazoziba ncha za rota ziko hai. Kitabu cha Mazda kinataka usishuke chini ya 85 psi kwa mizunguko 250, na tofauti kati ya uso na uso isizidi 21. Muuzaji aliyekataa nisipime kwa njia hiyo nilimuaga kwa heshima nikaondoka.

Kaka yangu ni fundi wa mashine za boti Tanga. Maisha yake yote yamekwenda kwenye Yamaha za mapigo mawili zinazosukuma boti za wavuvi, na hajawahi kuona injini ya rota kwa macho. Nilimtumia picha za pleti, rota na hausingi zikiwa zimetawanyika kwenye meza.

"Shikamoo kaka. Nimeifungua."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona sioni valvu?"

"Hazimo kaka. Rota yenyewe ndiyo inafungua na kufunga matundu ikizunguka."

Ikapita kama dakika, kisha sauti yake ikaingia. "Basi hiyo ni ndugu yake Yamaha. Na kama ni ndugu yake, itataka oili ndani ya petroli."

Hakuna aliyemfundisha. Aliona tundu lililo wazi kwenye chuma na sili inayoteleza juu yake, akajua sili hiyo inalainishwa na kile kinachoingia pamoja na mafuta, au hailainishwi kabisa. Mazda waliweka pampu ndogo inayodondosha oili kutoka kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini, na kuipeleka kwenye vyumba vya mwako. Wengi wetu tunaifunga hiyo pampu na kuchanganya oili ya mapigo mawili moja kwa moja kwenye tangi, takriban mililita 8 kwa kila lita ya petroli. Inaungua safi zaidi kuliko oili ya injini na inafika kote. Wavuvi wa Tanga wanachanganya nyingi kuliko hiyo, lakini wazo ni moja.

Tangu siku hiyo kaka amekuwa ndani ya kazi hii kuliko mtu yeyote aliye karibu nami kwa miguu. Nilikuwa nafunga sehemu, napiga picha, nasubiri swali lake. Maswali yake yalikuwa ya fundi. Hakuuliza hata mara moja gari litakimbia kiasi gani. Aliuliza joto linakwenda wapi.

Kwenye rota joto linakwenda sehemu mbili. Maji yanapoza hausingi, na oili inapoza rota kwa ndani. Karibu theluthi moja ya joto linalopaswa kuondolewa linabebwa na oili. Kwenye injini ya pistoni unaweza kuvumilia kipoza oili kibovu kwa muda. Kwenye hii utaua sili, au zile raba zinazozuia maji kati ya hausingi na pleti zitakauka, na gari litaanza kutoa moshi mweupe asubuhi. Gari la 1982 lina bahati hapa, maana magari ya 1979 hadi 1982 yalizaliwa na kipoza kikubwa cha hewa mbele, kabla hakijabadilishwa. Nilikisafisha, nikatengenezewa mipira mipya ya shinikizo kubwa, na radieta nikaweka ya alumini iliyo nene zaidi.

Sasa uzito wa kusawazisha, ambao ndio watu wanaupuuza. Rota mbili zimekaa kwenye shafti zikitazamana kinyume, lakini haziko mahali pamoja. Moja iko mbele, nyingine nyuma. Kwa hiyo shafti ina hamu ya kuyumba kama haikuwekewa uzito kwenye ncha zake mbili. Uzito wa mbele umejificha nyuma ya kifuniko cha mbele. Wa nyuma, kwenye gari la giaboksi ya mkono, umesubiwa ndani ya flaiwili yenyewe, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Hivyo flaiwili ya 12A imepimwa kwa rota za 12A. Rota za 13B ni nzito kuliko hizo, na za 1989 kuendelea zina uzito wao tena. Ukichukua flaiwili yako ya zamani ukaifunga nyuma ya 13B kwa sababu boliti zinakubali, injini itawaka, itatembea, na itakuwa inakula beringi zake kila ukipandisha mizunguko. Kanuni ni kwamba uzito wa mbele, rota na uzito wa nyuma vitoke kwenye injini za kundi moja. Anayetaka flaiwili nyepesi anatumia uzito wa nyuma wa gari la otomatiki la miaka ileile, ambao ni kipande kinachojitegemea, kisha anafunga flaiwili bapa juu yake. Mimi nilifanya hivyo.

Kifuniko cha mbele nacho kina habari yake. RX-7 ya kizazi cha kwanza inaishika injini kutoka mbele kabisa, kwenye kifuniko hicho, juu ya boriti inayokatiza chini. Kizazi cha pili kinaishika pembeni. Kwa hiyo unavua kifuniko cha injini mpya na kuivisha cha zamani. Kazi hiyo inapitia kwenye boliti kubwa ya puli, na boliti hiyo ndiyo inayobana kila kitu kilichopangwa kwenye ncha ya shafti. Ukiilegeza injini ikiwa imelala, shafti inaweza kurudi nyuma kidogo, beringi bapa ya sindano ikashuka na kukaa nje ya kiti chake. Hutaiona. Utafunga, utakaza, na utakuwa umeiponda. Ndiyo maana injini inasimamishwa wima, flaiwili chini na puli juu, ili uzito wake wenyewe uishike beringi mahali pake. Ukimaliza kukaza, unapima shafti inavyocheza kwenda mbele na nyuma. Inatakiwa kati ya milimita 0.04 na 0.07. Kuna vipande vya kupangia vyenye unene tofauti, kila kimoja kimeandikwa herufi yake, na unabadilisha mpaka geji ikubali. Nilipima, nikafungua, nikapima tena. Sehemu hiyo ya kazi niliipenda kuliko zote.

Fundi mmoja mzee kutoka Puerto Rico, kisiwa ambacho kimezipenda rota kwa vizazi viwili vya mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka, alikuja kuniangalia nikikaza. Hakusema kitu mpaka nilipofika kwenye ile raba ndogo ya duara inayoziba njia ya oili kati ya kifuniko na pleti ya mbele. Akanishika mkono. Raba hiyo ikijikunja wakati wa kufunga, presha ya oili inashuka injini ikipata joto, na watu wanahangaika na pampu kumbe pampu haina kosa. Aliipaka grisi, akaikalisha kwa kidole, akanipisha.

Kupandisha injini kulichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Zile milimita 20 lazima ziende mahali: ama zinakwenda mbele kwenye radieta, ama giaboksi inarudi nyuma. Nilichagua kurudisha giaboksi. Shingo ya propela inateleza ndani ya mkia wa giaboksi, kwa hiyo iliumeza urefu huo bila kukatwa, na kazi ikawa ni kurefusha matundu ya mauntingi ya giaboksi na kupanga upya mkono wa gia. Kwa namna hiyo uzito ulioongezeka uliingia katikati ya gari, ukaiacha pua kama ilivyokuwa. Sampu ya 12A haitoshi kwenye injini ndefu. Nilitafuta ya GSL-SE. Feni ya zamani nikaivua, nikaweka ya umeme.

Bado kuna matundu sita. 13B hii isiyo na turbo ina njia sita za kuingizia hewa, na mbili kati ya hizo zimefunikwa na vibomba vinavyozunguka na kufunguka mizunguko ikipanda. Kwenye injini za 1986 hadi 1988 vinasukumwa na presha ya moshi wa ekzosi. Ukishabadilisha ekzosi, na kila anayefanya kazi hii anaibadilisha, presha hiyo imepotea na vibomba vinabaki vimefungwa. Wengi wanavifunga kwa waya vikae wazi daima, au wanavitoa kabisa. Mimi siafiki. Vikikaa wazi, hewa inaingia polepole kwenye mizunguko ya chini na unaipoteza nguvu ya chini ambayo ndiyo sababu ya kutafuta injini kubwa. Nimeviacha, vinasukumwa na pampu ndogo ya umeme inayowaka karibu na mizunguko 4,000. Kwa ajili hiyohiyo nilibakiza mfumo wa kupuliza mafuta, pamoja na kompyuta na nyaya zake, na pampu ya petroli yenye shinikizo kubwa.

Kuhusu sheria niseme kwa ufupi, kwa kuwa kuna wasomaji wangu walio majimbo mengine. Texas gari la umri huu halipimwi moshi. California ni habari nyingine kabisa, huko magari ya 1976 na kuendelea yanapimwa, na mtu asianze kabla hajaulizia.

Gari limekuwaje? Gia ya tatu sasa inatosha mahali ambapo zamani nilishuka hadi ya pili. Sauti imezama kidogo, ina kifua. Ila kona ya kutoka barabara kuu kuja kwangu, ambayo naijua vizuri kuliko barabara yoyote ya mji huu, gari linaiingia vilevile. Usukani una uzito uleule, pua inaelekea pale unapoitaka, nyuma inafuata bila ubishi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotoa rota na kuweka V8. Ninawaheshimu, wengine wanajenga kwa ustadi mkubwa, na nguvu wanazozipata sitazipata kamwe. Lakini gari hili lilichorwa kuanzia injini fupi na ya chini kwenda nje. Boneti imeshuka vile kwa sababu ya rota. Ukiitoa rota, umebakiwa na bodi nzuri iliyopoteza sababu yake.

Na turbo? Labda kwa mtu mwingine. Bloku ya turbo ina mgandamizo mdogo, inadai klachi, giaboksi na ekseli nyingine, na joto la Agosti hapa Houston halina huruma. Farasi 146 za kiwandani kwa tani moja zinanitosha.

Kilichobaki kwenye orodha ya Mazda ni breki na ekseli. Breki za sasa zinalisimamisha gari, ila baada ya kushuka kasi mara nyingi mfululizo kanyagio linaanza kulainika, na sitaki kuliendesha kwa bidii zaidi kabla sijaweka zile diski zenye matundu. Hizo zinakuja na boliti za 114.3, kwa hiyo ekseli ya nyuma lazima ije pamoja nazo, la sivyo nitakuwa na magurudumu ya aina mbili kwenye gari moja. Kaka ameshaniuliza mara kadhaa nangoja nini. Nangoja GSL-SE iliyokufa, ya 1984 au 1985, Texas au Louisiana, yenye ekseli nzima na vifaa vya mbele. Injini si lazima. Ukiijua ilipo, niandikie, nitakuja na trela.